Mstari Usiopewa Kitu

Hadi leo nikipita sokoni nikaona mkungu mnene wa ndizi, sisikii njaa, nasikia mshtuko. Mke wangu, Mama Upendo, anasema ni uzee. Si uzee, ni kazi. Na kwa kuwa baadhi yenu vijana mnataka kuingia kwenye kazi hiyohiyo, nawaandikia mapema, ili siku na ninyi mkishtuka msidhani mmerogwa.

Nilikuwa msaidizi wa watafiti. Kwenye kitambulisho cheo changu kilikuwa kirefu kuliko jina langu, lakini maana yake ilikuwa hii: mtafiti akisema "tunahitaji udongo", mimi ndiye ninayechimba, akisema "tunahitaji damu ya ng'ombe", mimi ndiye ninayeshika pembe. Kidato cha nne nilikimaliza kwenye masomo ya jioni pale Moshi mjini, nikiwa na ndevu, dawati moja na mama aliyekuwa ananyonyesha. Baiolojia niliipasua vibaya sana, hadi mwalimu akaomba kuniangalia viganja kama sijaandika kitu.

Watafiti wa kila aina wamepita mikononi mwangu. Wa malaria walinishusha kule chini kwenye mashamba ya mpunga kukamata mbu. Mbu anakamatwa kwa mrija: ncha moja unamwelekezea yeye, nyingine iko mdomoni mwako, unavuta. Katikati kuna kipande cha chandarua cha kumzuia asifike kooni. Jambo la kwanza katika kazi ile ni kukagua kile kipande kabla ya kuvuta. Mimi nilijifunza kwanza kuvuta.

Wa vifaa vya ujenzi walikuja na mbao walizozitengeneza kwa kushindilia nyuzi za mgomba, wakazianika kwenye kichanja waone zitahimili nini. Jua zilihimili. Mvua zilihimili, tena mvua ya Machame, ambayo ukifunga mlango inakusubiri ndani. Kisha mbuzi wa jirani akakata kamba, na kufika chai ya saa nne utafiti wote ulikuwa tumboni mwake. Mbuzi hakudhurika, na hilo nalo waliliandika.

Wa nyota waliweka darubini upande wa Sanya Juu, ambako mawingu ya mlima hayasumbui sana. Mmoja akaniambia, "Mzee, weka jicho hapa." Nikaweka. Nikaona sayari ina pete, imening'inia gizani kama kitu cha dukani. Sikutoa neno njia nzima hadi nyumbani, na wanaonijua wanasema huo ndio uliokuwa muujiza, si ile pete.

Sasa angalieni kitu kimoja ambacho wote hao walikuwa nacho. Wa mbu walikuwa na nyumba walizopulizia dawa na nyumba ambazo bado hawajazipulizia. Wa mbao walikuwa na ubao wa kawaida wa kiwandani kando ya ule wao. Hata wa nyota, wakishapima mwanga wa nyota, waligeuza darubini kidogo wakapima pembeni yake, penye giza tupu. Niliwauliza, "Pale mnapima nini?" Wakasema, "Tunapima pasipo kitu, mzee, ndipo tujue kitu ni kiasi gani." Nikashtuka. Nikajua kumbe kazi yangu yote, tangu mbu hadi sayari, inasimama juu ya yule mmoja asiyepewa kitu. Ukimpa hata kidogo kwa mlango wa nyuma, hujui tena yule aliyepewa amefaidika nini.

Giza la pembeni ya nyota halina mtu wa kulionea huruma. Mgomba unaye. Hilo ndilo nililochelewa kulijua, mimi mtoto wa migombani.

Dokta Aikande alikuja kituoni kwetu akitokea masomoni, binti mwembamba wa Sanya Juu anayetembea kama amechelewa basi. Wakati huo mnyauko ulikuwa unaitafuna migomba ya kisukari, ile ya ndizi ndogo tamu, mlimani kote. Kwa asiyeujua: ni ugonjwa wa udongoni. Unaingia kwa mizizi, majani ya chini yanageuka njano, yanavunjika shingo na kuning'inia kama sketi, na ukikata shina unakuta michirizi ya rangi ya kutu. Dokta alikuwa na dawa yake, uji mweusi uliojaa vijidudu vizuri alivyovilea maabara kwenye madumu. Unaumwagia mgomba shinani ungali mzima, na vile vijidudu vinakaa mlangoni kwa mizizi kama walinzi.

Kama dawa ingefanya kazi, ingegawiwa. Kama isingefanya kazi, mkuu wa kituo alishasema waziwazi, madumu yatamwagwa na Dokta atafute jambo lingine la kufanya. Na kule Masama alikuwepo mjane mmoja, Mama Anaeli, ambaye kwake hilo halikuwa jambo la ofisini. Kihamba chake, yaani lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kilikuwa kimeliwa na mnyauko upande mmoja wote. Alisema, "Dawa hii ikiwa ya kweli, napanda tena. Ikiwa ya uongo, nang'oa hata iliyobaki, nabaki natazama udongo wa marehemu mume wangu."

Tukapanda kwake mistari miwili ya kisukari. Tukapanda hivyohivyo kwenye vihamba vingine vya Masama, Machame na Sanya Juu, na kimoja kilikuwa changu mwenyewe, maana nilitaka kuonyesha mfano. Mstari mmoja upewe dawa peke yake. Wa pili usipewe kitu.

"Kitu gani?" Mama Anaeli akauliza.

"Chochote, mama," Dokta akasema. "Si dawa, si samadi, si majivu."

"Maji ya kuoshea vyombo?"

"Hata hayo."

Mama Anaeli akautazama ule mstari wa pili, uliokuwa kando kabisa ya njia ya kwenda kanisani. Akawa kama mtu aliyeambiwa apakulie wageni wote mtori, amruke mmoja.

"Haya," akasema. "Ninyi ndio mliosoma."

Tukawa tunapita kila Jumatano. Hapa niwape ufundi kidogo, maana hakuna atakayewaambia chuoni. Kibao cha mgomba usikiandike kwenye karatasi, konokono wataila pamoja na matokeo. Kata kopo la soda, andika kwa msumari, funga kwa waya. Wino usipande nao mlimani, chukua penseli. Siku ya kupima mikungu, mizani uining'inize kivulini, bua la kila mkungu ulikate mahali palepale, na mshale uusome jicho likiwa usawa wake, si kwa kuchungulia kutoka chini kama unatafuta embe bivu.

Yote hayo niliyafanya siku ya mavuno kwa Mama Anaeli. Msimu ule mnyauko haukuigusa mistari yetu, kwa hiyo ilibaki mizani tu kuamua. Mikungu ya dawa ilikuwa ya wastani, mikungu yenye adabu zake. Kisha nikatundika mkungu wa kwanza wa mstari usiopewa kitu. Ile miti mitatu ya kutundikia ikalia. Mshale ukafika pale mwenzake alipoishia, ukapita, ukaendelea na safari zake.

"Pima tena, Baba Upendo," Dokta akasema.

Nikapima tena.

"Chukua ile mizani nyingine."

Mizani nyingine ikasema yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi. Mkungu wa pili, wa tatu, mstari mzima. Majani yake yalikuwa kijani cha kukaribia weusi, mapana, ungeweza kumfunika ndama. Dokta alisimama na penseli hewani, mdomo wazi. Mimi nilikuwa nimeshika kamba na nikasahau kuiachia. Mama Anaeli alikuwa anatutazama kutoka mlangoni kwa jiko, ameridhika, na akatuletea chai.

Vihamba vingine, hali ileile. Machame, ileile. Sanya Juu, ileile. Kwangu ndiko kulikozidi, mikungu ya kutisha, na nikawa najisifu njia nzima kwamba udongo wa baba yangu haujapata kutokea.

Mkuu wa kituo hakuwa mtu mbaya. Alisoma matokeo mara mbili, akavua miwani.

"Dokta, kwa haya ninayoyaona, dawa yako inadhoofisha migomba."

"Haiwezekani, mkuu."

"Mizani inasema inawezekana. Njoo kikao kijacho na maelezo. Ukikosa maelezo, tunamwaga."

Tukaanza kutafuta maelezo. Mimi nilishuku vibao vimebadilishana, havikubadilishana. Nilishuku mfereji wa zamani umepita chini ya mstari, nikachimba shimo refu hadi nikahisi nikiendelea nitasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakisalimiana. Hakuna mfereji. Nilishuku mizani imelogwa, na hilo sikumwambia Dokta. Yeye alikuwa hali chakula. Siku moja nilimkuta kwenye stoo amekaa katikati ya madumu yake, anayatazama tu, kama mtu aliyeambiwa achague ng'ombe wa kuchinja.

Siku mbili kabla ya kikao akasema, "Twende Masama tukachukue udongo wa juu kabisa, ule wa chini ya majani makavu. Nataka niupime upya." Ilikuwa Jumamosi. Hatujawahi kwenda Jumamosi.

Tukaacha gari barabarani kwa sababu ya utelezi, tukapanda kwa miguu. Tulipokata kona ya njia ya kanisani, nikasimama. Dokta akanigonga mgongoni.

Mama Anaeli alikuwa anaingia kwenye mstari usiopewa kitu akiwa na beseni la samadi kichwani, bado inafuka mvuke. Nyuma yake shemeji yake, na ndoo ya maganda ya ndizi na maji ya vyombo. Nyuma ya shemeji, mama mmoja wa kwaya, na majivu. Walikuwa wanakwenda kwa mpangilio kama wanaopeleka sadaka. Wakafunua majani makavu taratibu, wakamwaga, wakafunika tena vizuri hadi usingejua kama pameguswa. Mama wa kwaya alikuwa anaimba sauti ya tatu.

"Shikamoo, mama," Dokta akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

Mama Anaeli akageuka. "Marahaba. Karibuni. Mbona leo si Jumatano?"

Mimi nilikuwa natafuta pa kuketi.

"Mama," Dokta akasema, "tulikubaliana mstari huu usipewe kitu."

"Tulikubaliana, mwanangu. Na nilijaribu. Nilivumilia wiki ya kwanza, nikavumilia ya pili. Halafu huyu shemeji yangu akapita Jumapili, akasimama hapo mlipo. Hakusema kitu. Aliutazama mgomba, kisha akanitazama mimi."

"Sikusema kitu," shemeji akathibitisha.

"Afadhali ungesema," Mama Anaeli akamwambia. Kisha akamgeukia Dokta. "Usharika mzima unapita hapa. Ng'ombe wangu wako zizini, wanajaza samadi kila kukicha, na mgomba wangu uko njiani unalia njaa. Watu watasema tangu mzee aondoke nyumba imemshinda. Ule mwingine mliupa dawa, angalau umepata kitu. Huu je? Nilale nimeshiba na huu umesimama hapo?"

Dokta Aikande akachukua lile beseni, akaligeuza, akalikalia. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kile cha mtu aliyeponea chupuchupu, mabega yanaruka. Maana alishaelewa. Dawa yake haikuwa imeshindana na mstari usiopewa kitu. Ilishindana na samadi ya ng'ombe wawili, maganda, majivu na aibu ya mjane, na mshindani wa namna hiyo hakuna maabara inayoweza kumkabili.

Kisha akaacha kucheka ghafla. "Baba Upendo, na wengine?"

Tukazunguka siku ile yote. Kila mahali tuliuliza kwa upole, na kila mahali tulijibiwa bila wasiwasi. Mama mmoja wa Machame alikuwa anaupa machicha ya mbege kila akipika pombe. Mzee mmoja upande wa Sanya Juu, mkali, ambaye hata wanawe hawakumbuki kama amewahi kuwasifu, alikuwa anaupelekea samadi ya mbuzi mwenyewe, asubuhi kabla watu hawajaamka, asionekane ana huruma. Hawakuwa wameambiana. Wengi hawakujuana hata majina. Kila mmoja alikuwa amefanya peke yake, kwa siri, akidhani ni yeye tu.

Mimi nilikuwa nazidi kushtuka na kuwacheka, hadi Dokta akaniuliza kwa upole, "Na kwako?"

"Kwangu haiwezekani," nikasema. "Mimi ndiye msimamizi."

Nilimkuta Mama Upendo anamenya ndizi. Nikazungukazunguka, nikauliza hali ya ndama, mwishowe nikasema:

"Ule mstari wa kituo, umewahi kuupa kitu?"

"Upi? Ule uliotaka kuufisha kwa njaa mbele ya kaburi la mama yako?"

"Mama Upendo. Umeupa?"

"Ukishaondoka tu kwenda kazini."

"Mimi ndiye ninayesimamia utafiti huu."

"Na mimi ndiye ninayeishi na migomba. Wewe unairudia jua likishazama."

"Mbona hukuniambia?"

Akatupa ganda kwenye ndoo, ile ndoo, sasa nikaitambua. "Ungeniambia niache."

Nimekutana na mbu kooni na sayari yenye pete, lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka jikoni kwangu. Udongo wa baba yangu, nilivyousifia njiani. Kumbe ni ndoo.

Kwenye kikao Dokta alieleza yote, hakuficha hata kwaya. Mkuu akavua miwani, akaifuta. Nikadhani anatafuta maneno ya kutufukuza. Akasema, "Mama yangu angefanya hivyohivyo," akampa Dokta msimu mmoja wa mwisho.

Safari hii Dokta alipanga upya. Mistari yote miwili ipewe samadi sawa, kwa debe lilelile, mwenye shamba akimwaga na sisi tukitazama. Tofauti iwe dawa tu. Mama Anaeli akafurahi. "Sasa hapo mmesema. Hapo hakuna anayelala njaa." Na kwa kuwa barabara ya Masama masika ni ya kuombea, dumu la dawa tukaliacha kwenye stoo yake mwenyewe, ufunguo shingoni mwake.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii, vijana, na sikuutambua hadi mvua zilipokatika. Mnyauko ukaja. Kwenye mstari wa dawa mgomba mmoja mmoja ukatikisika, mingi ikasimama. Mstari wa pili, umeshiba samadi, mnene, ukaanza kugeuka njano kutoka chini. Jani likavunjika shingo. Kesho yake jingine. Njiani palepale, mbele ya usharika mzima. Na dawa iko stooni, hatua chache, ufunguo anao yeye.

Dokta hakulala kwa wazo hilo. Akanituma niende siku isiyo Jumatano, nikachungulie. Nilikwenda. Mama Anaeli alikuwa anatoka nyumbani na Biblia mkononi, amevaa vizuri, na badala ya kushika njia yake akazunguka kwa chini, njia ndefu yenye tope, ili asipite kwenye ule mstari. Nikamfuata kwa nyuma kidogo. Kwenye kona akakutana na shemeji yake.

"Mama Anaeli," shemeji akamwambia, "ile migomba yako ya njiani imekuwaje? Watu wanauliza."

"Waambie iko kazini," akasema, akaendelea kutembea.

Nilisimama kwenye tope hadi viatu vikazama. Nilirudi kwa Dokta nikamwambia dumu halijaguswa, na kwamba sidhani kama nitarudi tena kumchungulia yule mama, labda anitume mkuu mwenyewe.

Siku ya mavuno nilipima kivulini, bua mahali palepale, jicho usawa. Mstari wa dawa ulijaza ua kwa mikungu. Wa pili haukuwa na cha kupima isipokuwa mgomba mmoja mwishoni, mzima bado, na machipukizi mawili miguuni. Tofauti ilionekana hata bila mizani. Mkuu wa kituo alikuja mwenyewe, akatazama, akakata shina moja lililokufa, akaona michirizi ya kutu. Akasema dawa inabaki na itagawiwa. Dokta Aikande akamwangalia Mama Anaeli, akaiweka penseli sikioni.

Mama Anaeli hakungoja hotuba. Akavua ufunguo shingoni, akaenda stooni, akatoka na jagi la ule uji mweusi. Akapita kwenye mstari wake wa njiani, katikati ya mashina yaliyolala, hadi kwenye ule mgomba mmoja uliobaki. Akapiga magoti, akafunua majani makavu, akaumwagia polepole.

"Haya," akauambia, "umestaafu. Sasa kula."